Kodi Kamili, Nyumba Nusu

Jijini Dar es Salaam mpangaji anayelalamikia nyumba isiyokwisha hupewa jibu moja, awe amelalamika kwa dalali, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kazini kwake au kwenye kikao cha ukoo: si uliiona mwenyewe kabla hujalipa? Baada ya hapo mazungumzo huwa yamekwisha. Choo hakina maji, dirisha la chumba cha watoto limezibwa kwa turubai, mita ya umeme haijafungwa, na mtu aliyelipa kodi ya miezi sita anaambiwa anyamaze kwa kuwa aliingia kwa miguu yake.

Wanaosema hivyo si watu wabaya, na hoja yao inastahili kuelezwa kama wao wanavyoieleza. Mwenye nyumba wa Goba, Madale, Kivule au Chanika kwa kawaida si tajiri. Ni mwalimu, muuguzi, dereva au mama wa sokoni aliyenunua kiwanja, akamwaga msingi mwaka huu, akapandisha matofali mwaka uliofuata na kuezeka mwaka wa tatu. Benki haikumshika mkono. Riba za mikopo ya nyumba nchini Tanzania zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, na benki inataka hati ambayo wenye viwanja wengi wa pembezoni hawana. Akifika hatua ya bati na milango, anapangisha ili kodi imalizie kazi iliyobaki. Mpangaji naye anapata pa kukaa kwa bei ya chini kuliko ya nyumba iliyokamilika. Wamekubaliana watu wazima wawili, kila mmoja amepata alichotaka, na anayekuja kulalamika baadaye ni mkorofi.

Ni hoja inayoingia akilini haraka, na ndiyo sababu imeenea. Ikipitiwa kipande kwa kipande, hakuna kipande kinachosimama.

Kwanza: "Aliiona, akaridhika"

Aliona nini? Aliona kuta, bati na mlango wa mbele. Kilichomfanya atoe fedha ni kingine. Dalali alimwambia umeme unaingia ndani ya wiki mbili, vigae vya sebuleni vimeshanunuliwa, ukuta wa uzio unapandishwa mwezi ujao. Mwenye nyumba alikuwepo na akaitikia. Kodi iliyotajwa ilikuwa ya nyumba yenye umeme, vigae na uzio. Kama ingekuwa ya nyumba ile kama ilivyosimama siku hiyo, kusingekuwa na haja ya kutaja wiki mbili wala mwezi ujao.

Kisha inakuja karatasi. Mara nyingi ni mkataba uliochapwa stesheneri, wenye nafasi za kujaza majina na kiasi. Ukisomwa kwa makini unakutwa na sentensi kama hii: mpangaji ameikagua nyumba na ameridhika na hali yake. Mstari mwingine unasema kodi ikishalipwa hairudishwi. Wa tatu unasema matengenezo yoyote atakayofanya mpangaji ni mali ya mwenye nyumba. Umeme, vigae na uzio havimo. Maneno yaliyotoa fedha mfukoni mwa mpangaji yamebaki hewani, na maneno yanayomfunga yeye peke yake yameandikwa na kugongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Anayetumia karatasi hiyo kuthibitisha kwamba mpangaji aliridhika anathibitisha tu nani aliiandika.

Tena kuona kwenyewe kuna mipaka. Nyumba huonyeshwa mchana, kukiwa kukavu, kwa dakika chache, dalali akitazama saa. Hakuna mpangaji anayeingia kwenye shimo la choo kupima kina chake. Hakuna anayejua kama waya zilizopita juu ya dari ambayo bado haijapigwa zimeungwa na fundi mwenye leseni au na kijana aliyekuwa akimbebea vifaa. Bati lisilozibwa kwenye maungio halivuji mwezi wa Januari. Linavuja masika, mwezi wa Aprili, wakati kodi ya miezi sita imeshatumika na godoro limeshalowa.

Sheria yenyewe haikuacha jambo hili mikononi mwa macho ya mpangaji. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ina kifungu cha 88 kinachoingiza katika kila upangaji ahadi za mwenye nyumba hata pale ambapo karatasi haikuzitaja. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kinafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza, na kitaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Kenya iliweka ahadi ya namna hiyo hiyo katika kifungu cha 65 cha Sheria yake ya Ardhi ya 2012. Kipimo ni nyumba inafaa au haifai. Mwenyekiti wa mtaa anayemjibu mpangaji "si uliiona" anaweka kipimo kingine ambacho Bunge halikukiweka.

Pili: "Kodi yake ni ndogo kwa sababu haijaisha"

Punguzo hilo lipo siku ya kwanza tu. Mpangaji anaingia, na wiki ya kwanza ananunua nyavu za madirisha kwa sababu mbu hawasubiri fundi. Ananunua komeo za milango. Analipa maji kwa dumu kwa kuwa bomba limeishia kwa jirani, kisha ananunua tenki dogo la kuhifadhia. Akichoka kulala na roho juu, anaweka nondo za madirisha kwa fedha zake, na mwenye nyumba anamwambia: weka tu, tutakatana kwenye kodi. Siku ya kukatana ikifika, risiti zinaonekana kubwa mno, au fundi aliyetumika hakuwa yule mwenye nyumba anayemwamini, au kunasemwa kwamba nondo zile hazikuwa za lazima. Anayekata kodi kwa nguvu anageuka mdaiwa sugu mtaani.

Nyumba ikikamilika, kwa sehemu kwa fedha za mpangaji, bei inapanda. Anaambiwa mkataba mpya utafuata bei ya soko, kwa kuwa sasa kuna nondo, nyavu na tenki. Vitu alivyonunua ndivyo vinavyotajwa kama sababu ya kumpandishia. Akishindwa anahama, na vitu vinabaki.

Kuna gharama nyingine ambayo watu wameizoea hadi hawaioni. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Tanzania hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Nyumba za ghorofa hutozwa zaidi, kwa kila ghorofa. Kodi hiyo kisheria ni ya mmiliki. Anayenunua umeme ni mpangaji, na serikali ilimwambia azungumze na mwenye nyumba wake wamalizane. Shilingi 1,500 haimfilisi mtu. Lakini yule anayesema mwenye nyumba ndiye mwenye mzigo wote wa ujenzi atazame karatasi ya LUKU ya mpangaji wake, aone nani analipia jengo ambalo halijaisha na ambalo si lake.

Tatu: "Mwenye nyumba naye hana fedha, anajenga kwa kodi hiyo hiyo"

Hapa ndipo hoja nzima inapojikata yenyewe. Ikiwa mwenye nyumba hana fedha za kumalizia na anategemea kodi ya mbele, basi mpangaji hajalipia makazi pekee. Amekopesha ujenzi. Na kama amekopesha, mbona hapewi hata haki moja ya mkopeshaji?

Benki inapokopesha ujenzi haimwagi fedha zote siku ya kwanza. Inatoa kwa awamu, na kabla ya awamu ya pili inatuma mtu akaangalie ya kwanza imefanya nini. Inashika hati. Inatoza riba. Mpangaji anatoa kila kitu kwa mkupuo, hashiki chochote, hatozi chochote, na akienda kuangalia kazi imefika wapi anaambiwa ana haraka.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya mwaka. Mpangaji anatoa 3,600,000 siku moja badala ya 300,000 kila mwanzo wa mwezi. Fedha ya mwezi wa 12 inakuwa imetangulia kwa miezi 11, ya mwezi wa 11 kwa miezi 10, na kuendelea hivyo hadi ya mwezi wa pili. Kwa riba ya asilimia 17, iliyo katikati ya viwango vya benki, mkopo wa namna hiyo ungemgharimu mwenye nyumba takriban shilingi 280,000. Hiyo ni karibu kodi ya mwezi mzima ambayo mpangaji ameitoa bure, juu ya kodi ya mwezi mmoja ambayo dalali ameshachukua. Wala fedha yenyewe mara nyingi si akiba yake. Wengi huichukua kwenye kikoba, SACCOS au kwa mwajiri, nako wanalipa riba. Anayekopa kwa riba ili amkopeshe mwingine bila riba ndiye anayeambiwa amependelewa.

Mbaya zaidi, hakuna kinacholazimisha fedha hiyo iende kwenye madirisha. Kodi inayopokelewa Desemba inakutana na ada za shule za Januari. Inayopokelewa Juni inakutana na kiwanja cha pili kinachouzwa Kibaha au Mkuranga kwa bei ya kutupa. Mzazi kulipa ada si kosa. Kosa ni kuchangisha fedha kwa jina la madirisha, kuzipeleka kwingine, kisha kumwambia aliyechangia kwamba ujenzi ni mgumu na awe na subira.

Ugumu wa ujenzi ni wa kweli. Bei za saruji na nondo hupanda bila kumuuliza mtu, na mafundi wazembe wapo. Lakini ugumu huo unapaswa kugawanywa kati ya watu wawili. Utaratibu wa sasa unaurundika wote kwa yule ambaye mwisho wa siku hatamiliki hata tofali moja.

Nne: "Haya mambo tumalizane kindugu"

Mazungumzo ya simu huenda hivi. "Shikamoo mzee. Samahani kukusumbua, nilikuwa naulizia yule fundi wa madirisha." "Marahaba mwanangu. Fundi amefiwa, yuko Tanga, akirudi tu tunamalizana. Si unajua hapo ni kwako?" Mpangaji anashukuru na kukata simu. Mwezi unapita. Anapiga tena, anaanza tena na shikamoo, na safari hii fundi amerudi ila mbao ndizo hazijafika.

Heshima hiyo ni nzuri, na hakuna anayetaka wapangaji waanze kuwafokea wazee. Shida ni kwamba inafanya kazi upande mmoja. Mpangaji akitaka ahadi iwe na tarehe kwenye karatasi, anaonekana hamwamini mzee wake. Akitaka kulipa kwa awamu, anaonekana hana adabu. Akileta shahidi, ameleta ugomvi. Tarehe ya kodi ikikaribia, yule yule aliyekuwa "mwanangu" anapokea ujumbe wenye siku, kiasi na namba ya kulipia, na akichelewa wiki moja anaambiwa atafute pengine. Upande wa kodi ni biashara yenye tarehe. Upande wa madirisha ni undugu usio na tarehe.

Mama mwenye nyumba anayeishi kiwanja kimoja na wapangaji wake ana uzito zaidi. Ndiye mwenye ufunguo wa geti, ndiye anayejua zamu ya maji, ndiye anayechanga misiba ya mtaa pamoja nao. Kumpeleka kwenye baraza ni kuchafua maisha ya kila siku, na wapangaji wengi huona bora wakae gizani miezi mitatu. Ukimya huo ndio unaohesabiwa baadaye kuwa ni kuridhika.

Tano: "Kaujenzi kadogo hakamuui mtu"

Nyumba nyingi zinazozungumzwa hapa ni za chini, na hatari zake ni za kawaida: shimo la maji machafu lililofunikwa kwa mbao mbili, waya ulioning'inia bafuni, ngazi isiyo na kingo. Kwa familia yenye mtoto anayetambaa hizo zinatosha kabisa. Lakini mtindo umepanda juu. Kuna nyumba za ghorofa zinazopangishwa chini huku juu zege ikimwagwa. Mpangaji anaishi na mirunda imesimama nje ya dirisha lake, maji ya zege yanatona ukutani, na nondo zimeachwa wazi juu ya nguzo zikisubiri ghorofa inayofuata, ambayo pengine haikuwemo kwenye mchoro wa kwanza.

Miji ya Afrika Mashariki imeshaonyeshwa mwisho wa mazoea ya kujaza watu kwenye majengo yasiyostahili kukaliwa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa bila kibali na lilishatangazwa kuwa halifai kukaliwa, lakini vyumba vilikuwa vimejaa na kodi ilikuwa ikipokelewa. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la biashara lilianguka Kariakoo huku kazi ya kupanua sehemu yake ya chini ikiendelea na wapangaji wakiwa wamefungua maduka yao. Walikufa watu zaidi ya 20. Wafanyabiashara wale hawakuwa na namna ya kujua nguzo za jengo zinabeba nini. Waliokuwa wakikusanya kodi na wenye mamlaka ya kukagua ndio waliopaswa kujua.

Kwa majengo ya namna hiyo jibu la "uliiona mwenyewe" linapoteza hata ule uzito mdogo liliokuwa nao.

Sita: "Kama hapendi, ahame"

Ahame na nini? Kodi ya miezi sita iko kwa mwenye nyumba, na imeandikwa kuwa hairudishwi. Akibahatika, ataahidiwa kurudishiwa pale mpangaji mwingine atakapopatikana, yaani pale atakapopatikana mtu mwingine wa kuambiwa kwamba umeme unaingia ndani ya wiki mbili. Huko anakokwenda atatakiwa kodi ya miezi sita mingine na ya mwezi mmoja ya dalali. Soko huria linahitaji mnunuzi anayeweza kuondoka. Kodi ya mbele imemfungia ndani.

Akiamua kudai haki, njia ni ndefu. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na hakuna sheria maalumu ya wapangaji iliyojaza nafasi yake. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko anaweza kuulizwa kama mkataba wake umelipiwa ushuru wa stempu, ambao kwa upangaji ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, kwa kuwa mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi. Karibu mikataba yote ya stesheneri haijalipiwa. Miezi sita inakwisha kabla shauri halijasikilizwa.

Jirani zetu wana mafunzo ya aina mbili. Kenya bado ina sheria ya kudhibiti kodi, lakini inahusu nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango cha zama nyingine, na hivyo wapangaji wengi wa Nairobi wako nje ya ulinzi wake. Uganda ilipata sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Inamtaka mwenye nyumba atoe nyumba inayofaa binadamu kuishi, na inamzuia kudai kodi ya mbele inayozidi miezi mitatu. Jambo linaloambiwa Dar es Salaam kwamba haliwezekani limeshaandikwa Kampala.

Lakini hata kabla Bunge halijakaa, serikali za mitaa zina kitu mkononi: mhuri. Mikataba mingi hupita kwao. Mwenyekiti anaweza kukataa kugonga mhuri mkataba wa nyumba isiyokwisha ambao haukuambatanishwa na orodha ya kazi zilizobaki, kila kazi na tarehe yake, na maelezo ya nini kitakatwa kwenye kodi tarehe ikipita. Anaweza kutaka kodi ilipwe mwezi kwa mwezi hadi mita ifungwe, choo kipate maji na madirisha yawekwe, kisha ndipo miezi mitatu au sita ifuate kwa wanaoitaka. Fedha ambazo mpangaji atatumia kumalizia ziandikwe siku hiyo hiyo, risiti zikisainiwa na pande zote mbili, na zikatwe kwenye kodi ya mwezi unaofuata.

Wenye nyumba watasema kwa masharti hayo hakuna atakayepangisha, na nyumba zitabaki mapagale. Hilo halielekei. Nyumba iliyofikia bati na milango haimwingizii mwenyewe chochote ikikaa tupu, na shilingi 300,000 inayoingia kila mwezi inanunua vioo vya dirisha moja moja. Aliyesema fundi anakuja Jumatatu ataombwa tu aiandike Jumatatu hiyo kwenye mkataba, pamoja na tarehe yake, juu ya sahihi yake.